Wao wanahesabu tani, wenzetu wanahesabu hataza



Juzi juzi nilikuwa nyumbani Mashewa. Jioni tupo kijiweni, kahawa inachemka, simu moja inazunguka kwenye mikono ya watu sita kwa sababu ndiyo pekee yenye bando. Mmoja akafukua ile habari ya Kenya: Desemba 30, 2024, kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, pete kubwa ya chuma ilidondoka kutoka angani. Upana wake kama mita 2.5, uzito kama kilo 500. Shirika la Anga la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Watu wakacheka, wakashtuka, wakacheka tena. Halafu mzee mmoja, aliyekata mkonge zaidi ya nusu ya umri wake, akafunga mjadala: "Wajukuu zangu, hayo ni mambo ya wenye roketi. Sisi wa mkonge yanatuhusu nini?"

Sikumjibu palepale. Mzee wa hivyo humjibu kwa kukurupuka. Nimekaa nalo swali lake, nimesoma, na leo namjibu mbele yenu nyote. Shikamoo mzee wangu. Yanatuhusu sana, na kama chama tukiendelea kudhani hayatuhusu, tutapigania bei ya singa mpaka wajukuu wa wajukuu, na bei yenyewe itaendelea kupangwa na watu wasiojua Magoma iko wapi.

Kwanza tuelewane: tunaongelea kitu gani?

Nyumba ya udongo ya bibi yako ni somo la kwanza. Udongo peke yake unapasuka. Fito peke yake hazizuii upepo. Ukizifunga fito ukazikandika udongo, unapata ukuta unaosimama miaka mingi. Vitu viwili dhaifu vikishikana vinazaa kitu cha tatu chenye nguvu. Wataalamu wanaita kompositi. Zile za kisasa badala ya fito zina nyuzi, na badala ya udongo zina polima, yaani gundi ya plastiki inayokauka na kuwa ngumu.

Vyombo vya anga vinapenda sana kompositi kwa sababu moja: uzito. Kila kilo unayopandisha angani inagharimu pesa nyingi, kwa hiyo ukipata kitu kigumu kama chuma lakini chepesi zaidi, umeokoa fedha kila safari. Ndiyo maana setilaiti nyingi zina paneli za nyuzi za kaboni, na vyombo vinavyorudi duniani vina ngao ya joto ya kompositi. Apollo iliyopeleka watu mwezini ilikuwa na ngao ya gundi ya epoksi iliyojazwa kwenye matundu ya nyuzi za kioo, mfano wa sega la nyuki.

Sasa sikilizeni hapa. Nyuzi za kaboni hazichimbwi ardhini kama tanzanite. Ni nyuzi za plastiki zilizochomwa kwa ustadi bila hewa ya kuziunguza. Malighafi yake si ya ajabu. Thamani yote iko kwenye ujuzi: uchome kwa joto gani, uvute kwa nguvu gani, uzipake nini ili gundi izishike. Na ujuzi huo umefungwa kwa hataza, ile ambayo wengi mnaiita patenti. Hataza ni haki ambayo serikali inampa mgunduzi, kwa kawaida isiyozidi miaka 20, kuzuia wengine wasitumie ugunduzi wake bila ruhusa yake. Na yeye kwa upande wake lazima aandike hadharani jinsi ugunduzi unavyofanya kazi. Nitarudi kwenye hilo la "hadharani", maana ndilo tunalolala nalo usingizi.

Nani alilipia ugunduzi?

Kuna hadithi tunalishwa kila siku, kwamba uvumbuzi ni kazi ya sekta binafsi, serikali ikae pembeni. Tuangalie nyuzi za kaboni zenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Akio Shindo alionyesha jinsi ya kuzitengeneza kutokana na nyuzi za plastiki iitwayo poliakrilonitrili. Alikuwa anafanya kazi wapi? Taasisi ya utafiti ya serikali, Osaka, Japani. Kampuni ya Toray ilipata leseni ya kutumia hataza yake mwaka 1970, mwaka uliofuata ikaanza kuzalisha kibiashara, na mpaka leo ni miongoni mwa majina makubwa kabisa duniani kwenye biashara hiyo. Uingereza nako, kazi kama hiyo ilifanyika Farnborough, kwenye kituo cha serikali cha utafiti wa ndege, na hataza yake ikakodishwa kwa makampuni.

Yaani mlipakodi alilipia utafiti, taasisi ya umma ikashika haki, viwanda vikapewa leseni. Hawakungoja mwekezaji.

Na mwelekeo wa dunia leo? Kwa miaka mingi ugomvi ulikuwa kati ya Marekani, Japani na Ulaya. Kisha China ikaingia. Mwaka 2023 maombi ya hataza ya kila aina duniani yalikuwa kama milioni 3.55, na ofisi ya China peke yake ilipokea kama milioni 1.68. Bara letu zima halifikii asilimia 1.

Mnakumbuka setilaiti iliyorushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi? Iliitwa Uhuru, kwa sababu ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ilikuwa chombo cha kwanza kutumwa angani kwa kazi ya kupima miale ya eksirei ya nyota. Jina la Kiswahili, bahari yetu, na kila kitu kingine kilikuwa cha wenyewe. Zaidi ya miaka 50 imepita, na kwenye orodha ya wenye hataza bado sisi ni jina tu.

Mimea imeanza kwenda angani

Hapa ndipo swali la mzee linapopata jibu. Ile pete ya Makueni imeonyesha tatizo ambalo nchi zenye roketi wanalihangaikia: vitu vingi vinavyorushwa angani siku moja hurudi, na visipoungua njiani vinadondokea watu. Shirika la Anga la Ulaya limejiwekea lengo la kuacha kuzalisha takataka mpya angani ifikapo 2030. Nyuzi za kaboni ni imara mno, haziungui vizuri wakati wa kurudi. Kwa hiyo wanatafuta nyenzo nyepesi, ngumu, lakini zinazoungua zikaisha.

Na wanatafutia wapi? Kwenye mimea. Mwishoni mwa 2024 Chuo Kikuu cha Kyoto na kampuni ya Sumitomo Forestry walipeleka angani LignoSat, setilaiti ndogo ya mbao, kila upande kama sentimita 10. Kampuni ya Uswisi iitwayo Bcomp imefanya kazi na Shirika la Anga la Ulaya kujaribu paneli za setilaiti zilizotengenezwa kwa nyuzi za kitani. Kitani ni nini? Ni mmea wa shambani unaotoa nyuzi, kama mkonge unavyotoa. Hata China, setilaiti zake za mwanzo zilizorudi duniani zilitumia mbao ya mwaloni kama ngao ya joto.

Sitawadanganya, maana chama chetu hakijengwi kwa uongo. Singa ya mkonge haiwezi kesho kubeba roketi. Nguvu yake ya kuvutwa haifikii ya kaboni, hata ya kioo haifikii. Inanyonya unyevu. Na angani kuna kipimo kikali: kipande kinawekwa kwenye ombwe, joto la nyuzi 125, saa 24, na kikipoteza zaidi ya asilimia 1 ya uzito wake kinakataliwa, kwa sababu mvuke wake unakwenda kuganda kwenye kioo cha kamera.

Lakini kitani nacho kina magonjwa hayohayo ya mimea. Tofauti ni kwamba kuna watu wamelipwa kuyatibu. Kuna namna ya kuosha nyuzi kwa kostiki soda ili gundi ishike. Kuna namna ya kuzikausha, kuzisuka, kuzipaka. Kila hatua kati ya hizo ni nafasi ya hataza. Mkonge una uzito wa kama gramu 1.45 kwa sentimita ya ujazo, wakati kioo ni kama 2.5. Wepesi tunao. Tiba ndiyo tumewaachia wengine.

Na msidhani faida iko angani tu. Ujuzi huu ukishuka unakuwa bati, mlango, mwili wa bodaboda, mtumbwi, tangi la maji. Wajerumani walishaweka mkonge uliochanganywa na kitani kwenye paneli za milango ya Mercedes-Benz E-Class. Ufilipino wana mmea wao wa nyuzi, abaka, ndugu wa mgomba. Nyuzi zake zikachanganywa na plastiki zikawekwa chini ya gari la A-Class. Mkulima wa Ufilipino aliuza nyuzi. Hataza ya mchanganyiko ilikuwa ya Ujerumani. Hebu rudia kusoma sentensi hizo mbili, halafu badilisha Ufilipino uweke Korogwe.

Tulishaibeba dunia, hatukuandika jina

Mkonge wenyewe si wa kwetu asili. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba yote yale, manamba waliotolewa mbali kuja kukata, korona zilizounguruma usiku na mchana, na mwaka 1964 nchi yetu ikazalisha zaidi ya tani 200,000, tukawa wa kwanza duniani. Kisha kamba za plastiki zikaja. Polima hizo hizo! Zilitoka maabara, zikiwa na hataza, zikaua soko letu. Sisi tulikuwa na ardhi, wao walikuwa na karatasi, na karatasi ikashinda.

Lakini kuna habari moja ambayo kila kijana wa Tanga aijue. Kwenye utafiti wa mkonge ulioanzia Amani na kuendelezwa Mlingano, kule Muheza, ilizalishwa mbegu chotara iitwayo H.11648. Mmoja wa mimea mama unaitwa kwa Kilatini *Agave amaniensis*, yaani wa Amani. Chotara hiyo inatoa majani mengi mno kabla ya kutoa mlingoti. Miaka ya 1960 ikapelekwa China, na hadi leo ndiyo mbegu kuu ya mkonge wa huko. Najua, waliokuwa wakiongoza kituo enzi zile walikuwa wakoloni. Ila udongo ulikuwa wa Tanga na mikono ilikuwa ya Tanga. Hatukushika haki yoyote. Sheria yetu ya haki za wagunduzi wa mbegu, hii inayotumika, ni ya 2012. Farasi alishatoka zizini, ameshazaa huko, ndiyo tunafunga mlango.

Wanachohesabu

Sasa tuje kwa wenye nchi. Walitutangazia lengo la mkonge: kutoka tani 36,000 hadi tani 120,000 ifikapo 2025. Wakaja mawaziri, wakapiga picha na miche. Mimi leo sibishani nao kama lengo lilifikiwa. Nabishana na lengo lenyewe. Mbona kila kitu ni tani? Kwenye kilo 100 za majani, singa ni kama kilo 4 tu, zilizobaki ni maji na takataka. Tunatoa jasho kwa kilo 100, tunauza 4, na hizo 4 tunazifunga marobota zinapanda meli. Hakuna aliyesimama jukwaani akasema: ifikapo mwaka fulani Mlingano, TIRDO na vyuo vyetu viwe vimewasilisha maombi kadhaa ya hataza juu ya mkonge. Hakuna. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Umewahi kumsikia mbunge wako wa kijani akiuliza tumefika wapi?

Na nina kidonda changu. Miaka kadhaa nyuma mimi na rafiki yangu fundi tulitengeneza kipande cha bati la mkonge na gundi. Tulipika kwenye sufuria la mama yake, mpaka leo hajatusamehe. Tukakipeleka kwenye maonyesho. Viongozi wakatusifu, tukapewa cheti na fulana. Mgeni mmoja akapiga picha kila upande, akauliza tumetumia gundi gani, na sisi kwa furaha tukamweleza vyote, mpaka vipimo. Tulipokwenda kwenye ofisi moja kuuliza habari za kulinda kazi yetu, tukaambiwa rudini kesho, na kesho yake tukaambiwa mhusika yuko semina. Baadaye ndiyo nikajifunza kwamba Ulaya, ukishaonyesha ugunduzi hadharani kabla ya kuwasilisha maombi, umeupoteza. Hakuna aliyetuibia. Tuligawa wenyewe, kwa cheti na fulana.

Cha kufanya, kuanzia leo usiku

Kamanda, una simu. Hataza nyingi zilizochapishwa zinasomeka bure: Patentscope ya shirika la haki bunifu la dunia, Espacenet ya Ulaya, na Google Patents. Andika "sisal" na "composite" uone. Ndani kuna michoro, vipimo, joto, muda wa kukausha. Ni shule ya ufundi ambayo mabilioni yalitumika kuijenga.

Na kuna siri ambayo si siri. Hataza ina mipaka ya nchi. Kama mwenye nayo hakuiombea Tanzania, ama kwa BRELA ama kupitia ARIPO ya Harare, na muda wa kuiombea umepita, basi hapa nchini unaweza kuitumia bila kumlipa mtu. Huwezi kupeleka bidhaa hiyo kwenye nchi ambako hataza ipo hai, ila Korogwe, Handeni, Lushoto, soko ni lako. Na iliyomaliza muda wake ni ya dunia nzima. Kabla hujaweka mtaji, hakikisha na mtu anayeijua sheria.

Ukigundua chako, funga mdomo kwanza. Usiposti, usionyeshe. Wasilisha maombi, pata tarehe. Kuanzia tarehe hiyo una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine ukiwa na kipaumbele. Na kwa raia wa nchi maskini kama yetu, ada ya kimataifa ya mfumo wa PCT inapunguzwa kwa asilimia 90. Punguzo lipo siku zote. Nani amewahi kukwambia?

Kwa chama, napendekeza tuyabebe haya matatu kwenye kila mkutano wa kanda ya Tanga:

1. Lengo la mkonge lipimwe pia kwa hataza, leseni na bidhaa zilizokamilika, na taarifa isomwe bungeni kila mwaka.
2. TARI Mlingano na TIRDO wapewe fungu la pamoja la utafiti wa kompositi za mkonge. Haki zikipatikana ziwe za umma, na vyama vya ushirika vya wakulima wa mkonge vipewe leseni kwanza, kabla ya mgeni yeyote.
3. Afisa wa haki bunifu afike wilayani. Kijana wa Mashewa asipande basi mpaka Dar kuambiwa mhusika yuko semina.

Najua kuna atakayesema: watu hawana maji, wewe unaongelea setilaiti. Nimelelewa Mashewa, ndoo nimebeba. Lakini tangi la maji la kompositi ya mkonge lililotengenezwa Korogwe nalo ni maji. Na mapato ya leseni nayo ni dawa kwenye zahanati. Umaskini wetu haukutokana na uvivu. Babu zetu walikata mkonge mpaka mikono ikawa na ngozi kama gome. Walifanya kazi upande wa bei ndogo, na kila serikali iliyofuata ikawaambia wakazane upande huohuo.

Mzee wangu wa kijiweni, ndiyo jibu langu. Yale mambo ya wenye roketi ni nyuzi na gundi. Nyuzi umezikata wewe maisha yako yote. Nikirudi nitakuletea kahawa na nitakuonyesha hataza moja kwenye simu, nikutafsirie mstari kwa mstari, halafu wewe uniambie wamekosea wapi. Maana nina hakika kuna mahali wamekosea, na anayepajua ni wewe.

Mapambano yanaendelea.